Kasha la Kioo na Sanduku la Sabuni

Callixte aliiona riziki yake asubuhi moja katika duka la simu karibu na soko la Gisenyi, Rwanda. Karani mmoja mwenye tai alikuwa akipapasa kasha la kompyuta lenye ubavu wa kioo na feni za taa za rangi, akauliza, "Hii inakimbia kiasi gani?" Mwenye duka, kwa upumbavu ambao Callixte hajamsamehe mpaka leo, akamwambia ukweli: kasha lile ni tupu, gamba tu, na mtu hutia vipande vyake mwenyewe anapojiundia kompyuta nyumbani. Karani akanuna, akaondoka zake. Callixte nusura alie. Mtu kaja na mfuko wazi na moyo mweupe, ananyimwa alichokipenda kwa sababu ya ukweli! Hapo hapo akaamua kuwahudumia wananchi.

Aliuza pikipiki yake, akapata kompyuta moja ya maana, yenye kadi ya picha ambayo vijana wa michezo ya kompyuta huiota usingizini. Hiyo hakuiuza. Aliivua nguo zote, akaipanga upya ndani ya sanduku la karatasi ngumu lililowahi kubeba sabuni za kufulia, akalisukuma chini ya meza katika chumba alichopanga kwenye njia ya kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma. Kitenge cha meza akakishusha mpaka sakafuni. Juu ya meza akaketisha kasha la kioo, na waya wa skrini ukapita kwenye tundu la meza kwenda chini kimya kimya. Sanduku lilipochemka sana likitazama ukuta, aliligeuza, matundu yake ya hewa yakaelekea upande wanaosimama wateja, chini huko, kwenye miguu.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Mteja alikuja na kompyuta yake kuukuu. Callixte aliiwasha kwanza ilivyo, akaiacha ijikongoje, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akahamishia vipande vyake ndani ya kasha la kioo, akafunga skrubu moja moja bila haraka, na alipobonyeza kitufe cha juu kwa kidole cha mkono, alikanyaga kitufe cha chini kwa kidole gumba cha mguu. Taa zikacheza. Mashine ya kweli ikaamka ndani ya sabuni. Kwenye skrini wachezaji wa mpira wakakimbia mpaka jasho likaonekana.

"Umeona?" angesema. "Kompyuta yako haikuwa mbovu. Ilikuwa inalala pabaya."

Mteja alilipa kasha kwa bei ya kompyuta nzima na kwenda nalo kwao. Aliyerudi kulalamika aliambiwa nyumba yake imejaa vumbi la volkano ya upande wa Goma, akauziwa na chujio la kulizuia. Chujio lilikuwa kipande cha chandarua cha mbu.

Lakini tusimwonee. Hata tapeli ana ndoto zake, na ya Callixte ilikuwa Alliance, binti kutoka Rugerero ambaye baba yake aliapa hamwozi kwa mtu asiye na duka lake mwenyewe, lenye mlango na kibao. Studio moja ya Musanze ilishakubali kuinunua mashine ile mwisho wa mwezi, na kwa bei hiyo Callixte angepata mlango, kibao na mke. Bila sanduku la sabuni alikuwa mtu mwenye bisibisi tu.

Siku ya kisa chetu chumba kilikuwa kimejaa. Kwenye kiti alikaa Afande Kalisa, sajini wa polisi aliyekulia Karagwe, Tanzania, na aliyekuja bila sare, kompyuta yake ya zamani magotini. Mlangoni walijazana wapita njia wanaopenda taa za bure. Ndipo akaingia mama mmoja mnene, ndala miguuni, beseni kichwani.

"Jambo, kijana. Ni we Callixte wa makasha?"

"Ni mimi, mama. Karibu, tua muzigo."

Alikuwa Nyirasafari, ambaye kila mfanyabiashara wa Petite Barrière anamwita Mama Ineza. Akalitua beseni, akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na bodi kubwa ya kompyuta, ramu, na kisanduku cha umeme kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Mutoto wangu Ineza anajenga kompyuta ku nyumba," akasema. "Inabaki kadi ya picha na kasha. Ile kadi iko bei mubaya, tutangoja. Kasha ndiyo amenituma. Ameniambia: 'Mama, chagua ile bodi inaenea muzuri, na hewa inapita.' Donc unisaidie, mi sijue kitu ya kompyuta."

Mi sijue kitu! Callixte hakuyajua maneno matamu kuliko hayo katika lugha yoyote.

Mama Ineza alianza na kasha dogo jeusi la bati lililokuwa pembeni. Akaligonga, akaligeuza miguu juu, akaingiza bodi yake ndani, ikaenea vizuri kabisa.

"Na hii?"

"Hiyo ni ya watu wamekata tamaa, mama. Haina kioo, haina taa. Mutoto wako atapata wageni, wataona nini?"

"Hewa inaingiaka wapi?"

"Hewa! Hapo sasa umeuliza swali ya maana." Callixte akamvuta mbele ya meza. "Tazama hii ya kioo. Feni tatu mbele zinakunywa, moja nyuma inatapika. Vumbi ya volkano ikifika hapa inaona aibu, inarudi Goma. Bon, mafasi kompyuta inalala ndiyo yote. Ukiweka ile vitu yako humu, hata kadi ya picha hautaitafuta tena. Kasha itaifanyia kazi."

"Yewe! Kasha peke yake?"

"Kasha peke yake."

Akabonyeza juu, akakanyaga chini. Taa zikacheza, mpira ukaanza, mlangoni watu wakashangilia bao. Afande Kalisa akasogeza kiti mbele. Mama Ineza peke yake hakuangalia mpira. Alikuwa amesimama na ndala zake, akitazama vidole vya miguu yake, kisha kasha, kisha vidole tena. Akaweka kiganja juu ya kioo.

"Iko baridi," akasema.

"Ndiyo uzuri yake, mama! Kazi mingi, moto hakuna."

"Ni maajabu kwa kweli," akasema Afande Kalisa.

"Kabisa, afande," akaitikia Mama Ineza. "Ni maajabu."

Wakaingia kwenye bei. Callixte alitaja ya kutisha, mama akataja ya kuchekesha, na mara ya pili tu akakubali katikati. Mwanamke wa barrière anayekubali bei upesi hivyo ni wa kuogopwa, lakini Callixte alikuwa na noti mkononi na furaha kooni. Alichukua kasha jingine la kioo kutoka rafuni, akalipangusa, akampa kwa mikono miwili.

"Aksanti, mwana wangu," akasema mama. "Na matabishi?"

Kwenye soko lile hakuna asiyejua matabishi. Bei ikishakubaliwa, muuzaji anaongeza kitu juu yake: konzi ya maharage juu ya maharage, nyanya juu ya nyanya. Asiyetoa amemtukana mnunuzi na ukoo wake, na habari inafika Goma kabla ya chakula cha mchana. Callixte akampa chujio la chandarua.

"Hapana, baba. Hiyo ni neti."

Watu wakacheka. Callixte akatoa kipanya kipya kabisa, bado kiko kwenye nailoni.

"Iko muzuri, lakini mi napenda kitu ndogo tu. Ile kioo itavunjika ndani ya beseni. Nipe sanduku ya kubebea." Akainua upindo wa kitenge kwa kidole cha mguu. "Hii ya sabuni."

Callixte akakirudisha kitenge chini upesi.

"Ile... ile ni takataka, mama. Panya wamezaa mule."

"Mi siogopi panya."

"Nitakutafutia ingine, ya televizyo, nguvu sana."

"Ya nini kujisumbua? Hii iko hapa."

"Ni tupu, mama, imechakaa!"

"Kama ni tupu, si ndiyo muzuri? Tupu haina bei."

Mlangoni wakaanza kelele. "Mupe matabishi!" "Sha, unamunyima mama karatasi?" "Huyu iko na roho ndogo!" Callixte aliwatazama wote hao, wateja wake wa wiki ijayo. Kumwambia mama kilichomo ndani ilikuwa ni kuwaambia na wao, na pembeni yao sajini wa polisi. Alihisi uchungu wa kweli, wa kifuani, uchungu wa mtu anayechagua kati ya mkono na mguu.

"Kijana," akasema Afande Kalisa akinyanyuka, "mbona unabishania boksi? Ngoja nimtolee mimi, tuendelee na yangu."

"Hapana, afande! Utachafuka!"

Callixte akapiga mbizi chini ya meza. Skrini ikazimika. "Naokoa umeme!" sauti yake ikasikika kutoka kwenye kitenge, huku akichomoa waya moja baada ya nyingine na kukunja kifuniko cha sanduku kwa meno. Kisha akatoka nalo, na hapo ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu sanduku tupu hubebwa kama tupu. Mashine, kadi, feni na chuma chake vilikuwa na uzito wa debe la viazi. Callixte alilibeba kwa ncha za vidole, shingo imevimba, akitabasamu, akipiga na mluzi.

"Niweke ku kichwa, kioo ibakie kwanza ndani ya beseni," akasema Mama Ineza, ambaye alikwisha kunja ingata.

Akamtwika. Alisubiri shingo ile ishtuke, magoti yacheze, mama apige yowe kwamba kuna kitu ndani. Wakati ule hata hilo angelipenda. Mama Ineza hakutikisika. Alilitafutia sanduku usawa wake, akamtazama Callixte machoni.

"Nyepesi," akasema.

Kisha akainama kidogo, kwa kunong'ona ambako Callixte alikusikia peke yake: "Ku barrière nimepitisha masanduku miaka mingi, mwana wangu. Sabuni haipumuake."

Akatoka taratibu, mgongo umenyooka. Afande Kalisa, mtu wa adabu, akamchukulia beseni lenye kasha la kioo na kumpelekea hadi kwenye baiskeli iliyokuwa ikimngoja nje. Callixte alifika mlangoni na kinywa wazi. Angepiga kelele ya mwizi, lakini wa kumkamata mwizi alikuwa pale pale akifunga beseni kwa mpira, na lazima angeuliza kimeibiwa nini, na kilikuwa wapi. Akafunga kinywa. Baiskeli ikashika njia ya Nengo, na duka lenye mlango, na kibao, na Alliance, vikapanda mlima juu yake.

Afande Kalisa alirudi akipangusa mikono.

"Mama mwema sana yule," akasema. "Haya, zamu yangu. Nifanyie vile vile, nione kwa macho."

Callixte akachukua bisibisi. Alihamisha vipande vya afande kimoja kimoja, polepole kuliko alivyowahi, na skrubu ya mwisho akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Watu wakasogea karibu. Akabonyeza kitufe cha juu. Kwa mazoea mguu wake nao ukakanyaga, ukakuta saruji.

Taa zikawaka zote, nyekundu, buluu na kijani. Skrini ikabaki nyeusi. Baada ya muda mrefu, pembeni juu, kimstari kimoja cheupe kikaanza kupepesa.

"Ndivyo ilivyo nyumbani kwangu," akasema Afande Kalisa.

"Inawaza, afande."

"Aha." Afande akavuta kiti mpaka mbele ya mlango, akakaa, akakunja miguu. "Basi tuisubiri, kijana. Leo sina zamu kazini."