Mkaguzi wa Sifa za Majiji

Kuna watu huenda hotelini kulala, kuna wanaoenda kula, na kuna Joash, ambaye huenda kuchaji simu. Sasa nisikilizeni vizuri, maana balaa lote hili lilianzia kwenye soketi ya ukutani.

Siku hiyo umeme ulikatika Walukuba nzima, mtaani kwake. Joash akavaa shati lake la pekee lenye kola, akaenda kwenye hoteli moja kubwa pale Jinja, akampita askari wa getini kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, akachomeka simu nyuma ya ukumbi wa mikutano. Chai ilikuwa ya bure. Sambusa pia. Alikuwa kwenye sambusa ya nne pale mtoa mada aliposema jambo lililomfanya asahau kutafuna. Eti siku hizi jiji haliheshimiwi kwa bunduki wala kwa maghorofa. Linaheshimiwa kwa kupendwa. Watu wakipenda chakula chako, nguo zako na ngoma zako, wanakuja wenyewe, na pesa zao zinawafuata nyuma kama mbwa. Akaiita nguvu ya kupendwa.

Joash akatazama ukumbini. Wakubwa wote wanaandika. Akajiuliza: kitu hakina uzito, hakina harufu, hakiozi, na kila mtu anakitaka. Kwa nini hakuna anayekiuza?

Na haraka alikuwa nayo. Wiki mbili nyuma alikuwa amekwenda Wanyange kumposa Sheryl. Baba yake Sheryl, muuza mkaa, mtu wa maneno ya kuhesabu, alimsikiliza saa nzima akimwaga mipango, kisha akasema, "Kijana, ukirudi hapa njoo na kitu ambacho hakikutoka mdomoni mwako. Usipokuja nacho kabla ya mwisho wa mwezi, kuna mwenye bodaboda tatu anauliza habari za Sheryl."

Basi. Kwenye kiti cha jirani kulikuwa na kitambulisho cha mkutano kimesahauliwa, chenye kamba nzuri ya bluu. Jina lilikuwa la Dokta Margret fulani. Joash hakujali. Nani husoma kitambulisho? Watu husoma kamba. Akaivaa shingoni, na hapo hapo akawa Mkaguzi wa Sifa za Majiji, kanda nzima ya mashariki.

Wa kwanza kukaguliwa alikuwa Mukesh, mwenye duka la vitambaa, mtu ambaye angeweza kuisifia Jinja mpaka mteja akasahau alichokuja kununua. Joash akaingia na sura ya daktari anayeleta majibu mabaya.

"Bwana Mukesh, kwenye mashindano ya majiji yanayopendwa, Mbale wanaongoza."

Mukesh akaacha kupima kitambaa. "Mbale? Ile Mbale?"

"Wametoa kahawa. Majaji wakinywa, wanalia. Jinja hamjatoa hata kijiko."

"Sisi mto mzima unaanzia hapa."

"Mto haufungwi kwenye karatasi ya zawadi, bwana. Vitambaa vinafungwa."

Malti, mke wa Mukesh, alikuwa nyuma ya meza akinywa chai. Akauliza hao majaji ni kina nani. Joash akamweleza kwa upole kwamba majaji ni siri, wakijulikana watahongwa. Malti akauliza, na hivi vitambaa unavyovitaka si hongo? Joash akasema hapana, mama, hiyo ni nguvu ya kupendwa.

"Mbona mimi bado sijakupenda?" Malti akasema, akarudi kwenye chai yake.

Lakini Mukesh alikuwa ameshaumwa na wivu. Akaingia stoo, akatoka na majora kumi na mawili ya kitambaa cha manjano chenye samaki wa zambarau. Kitambaa hicho kiliagizwa kwa makosa, na miaka miwili hakuna aliyekinunua, hata panya walikuwa wanakizunguka. Akakikabidhi kwa machozi ya uongo. Kila mmoja akaamini amemwibia mwenzake. Biashara safi kabisa.

Kulipopambazuka majora yalikuwa kwenye pikapu ya Owino, dereva Mkenya aliyezoea barabara ya mpakani kuliko kitanda chake. Mpango ulikuwa hivi: Mbale waoneshwe zawadi za Jinja, waone wivu, watoe kahawa. Halafu kila kitu kipelekwe mpakani Malaba, kiuzwe, Owino apate fungu lake, na Joash arudi Wanyange na kitu kisichotoka mdomoni.

Walipofika Mbale wakaelekezwa Namatala, kwenye stoo ya Nabalayo, mama wa kahawa, mwenyekiti wa wafanyabiashara wanawake. Nabalayo alimsikiliza Joash huku akichambua kahawa, asimtazame. Alipomaliza, mama akamtazama usoni, akatazama kamba, akatazama kitambulisho kwa muda kidogo.

"Wewe Msoga wa Jinja, unakuja kutupimia sifa sisi. Kwa nini tukuamini?"

Na hapa, ndugu zangu, mwanaume akajichimbia kaburi kwa kijiko cha dhahabu. Aliona anakaribia kuikosa kahawa, ulimi ukamtangulia.

"Mama, mimi si mgeni. Baba yangu alikuwa Mgisu wa hapa hapa. Nililelewa tu Jinja."

Wanawake wote wakaacha kuchambua. Nabalayo akaweka ungo chini taratibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni mtoto wetu. Na kisu ulikutana nacho mwaka gani, mwanangu?"

Joash hakuelewa kisu gani, ila alijua swali la namna hiyo hujibiwa kwa unyenyekevu. "Bado, mama. Kazi zilinibana."

Agosti ilikuwa, na mwaka wa shufwa. Mtu yeyote wa Mbale, hata mtoto wa chekechea, angeweza kumwambia kwamba mwaka wa shufwa ndio mwaka wa tohara, na kwamba mwana wa Mgisu akisema "bado" hadharani, ameshakata tiketi. Joash yeye alisikia vigelegele tu. Akafikiri, nguvu ya kupendwa hiyo, inafanya kazi.

Kesho yake ngoma za kadodi, zile za msimu wa tohara, zilianza asubuhi. Mafundi wa cherehani walikuwa wameshakata majora ya Mukesh, wachezaji wote wamevaa samaki wa zambarau. Joash alitaka kulalamika, lakini Nabalayo akamwambia mwana akirudi nyumbani lazima achezewe, na ndugu lazima wamtunze. Kweli wakamtunza. Wakampaka unga wa wimbi kichwani, wakamfunga kengele mapajani, wakamzungusha nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ikatoa: gunia la kahawa, kuku, mafungu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi, gunia lingine. Pikapu ikajaa. Joash akacheza mpaka vumbi likaomba likizo. Simu mia zikamrekodi. Huyu mtu alitabasamu kwenye kila moja.

Saa sita akasimama kupumua, akamnong'oneza Owino awashe gari polepole, Malaba hiyo inaita.

Owino akamtazama kwa huruma. Kwao alikuwa jirani na Wabukusu, ambao nao hutahiri hivyo hivyo, mambo haya anayajua. "Bro, hizi zawadi ni za kijana anayekatwa kesho asubuhi. Hazitoki hapa bila yeye kukatwa. Yule mzee unamwona pale?"

Joash akamwona. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananoa, wala hana haraka.

Sitaeleza alivyoruka ua. Niseme tu bodaboda ya kwanza ilikubali kumbeba kwa kubadilishana na kiatu, na kuanzia Mbale hadi Jinja, kila alipoteremka kubadili usafiri, watu walisikia kengele wakatoka kutafuta mbuzi.

Alifika Wanyange jioni, mguu mmoja kiatu, unga kichwani, kengele mapajani. Mafundo ya Wagisu hayafunguki kijinga. Sheryl alimwona akakaa chini kwa kicheko. Video ilikuwa imeshapita kwenye kila simu. Wageni wanauliza njia ya kwenda Mbale, na wateja wamepanga foleni kwa Mukesh wakitaka samaki wa zambarau. Mukesh ameshaagiza vingine, na Malti amekiri kwamba sasa anampenda yule mkaguzi kidogo.

Baba yake Sheryl alikuwa na simu mkononi, spika imewashwa. Namba yake Nabalayo alipewa na Owino, ambaye naye alipewa na Joash kama dhamana ya fungu lake.

"Dokta Margret," sauti ya Nabalayo ikasema, "umefika salama, mwanangu? Usihofu. Magunia yako sita, kuku wako na malewa yako viko stoo kwangu, hakuna atakayevigusa. Ni mali yako halali. Njoo uvichukue. Mzee naye bado yupo."

Muuza mkaa akazima simu, akamtazama Joash juu hadi chini.

"Basi mkwe, kumbe mali unayo," akasema. "Unangoja nini?"

Joash akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuna kitu kilichotoka. Zilisikika kengele tu, maana alikuwa ameshaanza kurudi kinyumenyume kuelekea barabarani.