Sufuria za Mama na Hesabu ya Marehemu

Jamani, leo mtaa mzima umenicheka, na haki ya nani nilistahili. Hapa naandika nikiwa nimejifungia chumbani, maana nikitoka nje tu naitwa jina jipya. Jina lenyewe mtalikuta mbele ya safari.

Kwa wasionijua, mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Uyole. Pia ndiye mtunza sufuria za mtaa. Nazungumzia zile sufuria kubwa za kupikia misibani, ziko sita, pamoja na turubai la kukaa chini yake waombolezaji. Mwenye msiba anakuja kwetu, anachukua, akimaliza anarudisha zimesuguliwa. Kazi hiyo nimerithi kwa mama, aliyetutoka mwaka juzi. (Kwa uzee, kitandani kwake, akilalamika kwamba uji hauna chumvi.) Kila sufuria zilipotoka, mama aliandika kwenye kauntabuku lake kwa mwandiko wa kupanda mlima. Daftari hilo ndilo limeniponza leo.

Sasa kuna mtu anaitwa Lusajo. Tumekua pamoja, nyumba zetu zinatazamana. Yeye ni dereva wa lori, anapakia mchele Ubaruku anapeleka Dar. Zamani kila akirudi alisimama Ilula akanunua nyanya, na kabla hajafika kwake alinishushia tenga dogo mlangoni. Hapigi hodi, anapiga honi mara mbili tu. Mama alikuwa akiisikia ile honi anasema, "Mwanangu mwingine karudi." Lakini tuendelee.

Tuligombana kipindi cha corona. Mnakumbuka wenyewe, mwanzoni redio ilikuwa inatangaza namba za wagonjwa, baadaye namba zikaacha kutangazwa, na kila kijiwe kikajiundia takwimu zake. Mimi nilisema bila namba hatuwezi kujua tunapigana na nini. Lusajo akasema namba zinaua watu kwa hofu, mbona yeye anazunguka nchi nzima na watu wanalima, wanaoa, wanacheza bao. Tulibishana wiki nzima pale kwenye benchi la chai. Siku moja nikazidiwa hoja, nikaropoka mbele za watu:

"Kwanza nyie madereva ndio mnausambaza."

Lusajo aliweka kikombe chini taratibu. Akasema, "Miaka yote nakuletea nyanya, leo nakuletea ugonjwa?"

Akaondoka. Tangu siku ile ni salamu tu, tena za mbali. Honi ikakoma. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alipokuwa na shughuli, hakuja kwangu kuazima sufuria. Alikodi Mwanjelwa. Mtu anayeziona sufuria zetu kutoka dirishani kwake anakwenda kukodi mjini. Mama hadi anafariki alikuwa ananiambia, "Nenda kamwombe radhi mwenzako." Nami nilikuwa najibu, "Akubali kwanza kwamba nilikuwa sahihi."

Haya, tuje leo. Wamekuja watafiti wawili kutoka chuo kimoja Iringa, dada na kaka, wapole kweli. Mwenyekiti wa mtaa akatangaza kuna mdahalo ofisini kwake saa nne asubuhi. Mada ni hii: kipindi kile cha corona, ilipokuwa hakuna namba za kutangazwa, wananchi mlijuaje hali ikoje, na mnaonaje sera ya afya ya wakati ule? Nilipopata taarifa jana nilisikia raha mwili mzima. Nikajua siku yangu imefika, nitamshinda Lusajo mbele ya mtaa, kwa ushahidi.

Ushahidi gani? Daftari la mama. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Sufuria hazitoki bila msiba, kwa hiyo kila mstari wa daftari ni marehemu mmoja. Hesabu mistari ya kipindi kile, linganisha na ya mwaka uliotangulia. Basi jana nikapitisha kidole kurasa zile, nahesabu mistari. Ilikuwa mingi ajabu, mara nne ya mwaka uliotangulia. Nikachora mchoro kwenye manila, nguzo moja fupi na nguzo moja ndefu, nikaipaka wino mwekundu.

Sikuusoma hata mstari mmoja. Nilihesabu tu. (Ndiyo, ni mwalimu yuleyule aliyewafokea watoto wenu kila siku, "Soma swali kwanza ndipo ujibu.")

Leo nimevaa koti langu la sherehe za kipaimara. Ofisi ilijaa, wengine wamesimama mlangoni. Lusajo alikaa nyuma karibu na dirisha, kofia magotini. Alizungumza kabla yangu, kwa ufupi tu. Alisema serikali ilifanya vizuri kutowatisha watu, na kwamba barabarani aliona maisha yakiendelea. Watu wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Nikanyoosha mkono.

Nilianza kwa kujisafisha. Nikasema mimi ni mtu wa sayansi, wakati wengine wanaingia kwenye blanketi kujifukiza na majani, mimi sikuwahi hata siku moja kufunikwa. (Hapa nilidanganya kidogo. Mama alinifunika mara moja, lakini shahidi pekee alikuwa yeye, nikaona hakuna atakayejua.) Kisha nikabandika manila yangu ukutani. Watu wakaguna. Nikasema, "Ndugu zangu, mnaambiwa hali ilikuwa ya kawaida. Sufuria za msiba za mtaa huu zinakataa. Na sufuria hazina chama."

Nilikuwa nimeipenda sana sentensi hiyo. Niliifanyia mazoezi bafuni.

Dada mtafiti akavutiwa. Akasema, "Mwalimu, hii ni kumbukumbu adimu sana. Unaweza kutusomea kidogo?"

Nikavaa miwani, nikafungua, nikasoma kwa sauti ya kanisani. Mstari wa kwanza ulisema, "Kwa Mama Tumpale. Zote sita, na turubai."

Mama Tumpale alikuwepo, akainamisha kichwa. Ni mumewe huyo, alikuwa fundi seremala, mtu mzuri, sote tulimzika. Nikampa pole kwa heshima. Mpaka hapo nilikuwa bado mwalimu.

Mstari wa pili. "Kwa Fundi Asajile. Sufuria moja."

Fundi Asajile anashona nguo, na alikuwa amekaa mstari wa tatu. Akasimama. "Mwalimu, samahani. Kwangu alikufa nani?"

Nikasema labda ni ndugu wa mbali. Akasema hana ndugu wa mbali, wote wanaishi kwake. Watu wakaanza kucheka chini chini. Nikaona dawa ni kusonga mbele. "Kwa Mwenyekiti. Sufuria moja."

Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeongoza mkutano, akavua miwani. "Kwangu pia? Mbona sijapewa pole?"

"Kwa Bibi Tupokigwe. Sufuria moja, na mfuniko."

Hapo Bibi Tupokigwe akaomba asaidiwe kusimama. Ni rafiki wa mama, walitoka Rungwe pamoja wakiwa wasichana. Akanitazama kwa huruma kabisa, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Mwanangu," akasema, "wewe umeona wapi msiba unapikwa kwa sufuria moja?"

Kisha akaendelea, "Zile zilikuwa za kujifukiza. Sufuria za nyumbani ni ndogo, watu wanane wataingizaje vichwa? Tulikuwa tunakuja kwa mama yako, tunachukua kubwa moja, tunachemsha mikaratusi na mchaichai, tunajifunika turubai la mahindi. Zikitoka zote na turubai lake, huo ndio msiba. Ikitoka moja, ni watu wazima wenye mafua."

Ofisi ililipuka. Fundi Asajile alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyekiti akawa anapangusa machozi. Kutoka mlangoni sauti moja ikasema, "Mwalimu, soma swali kwanza ndipo ujibu." Ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ana duka la dawa za mifugo. Nilimpa ziro mwaka fulani, naona alikuwa anaitunza.

Cha ajabu, baada ya kicheko watu wakaanza kukumbuka. Mmoja akasema kwao walipiga mapambio ndani ya blanketi mpaka mtoto akalala. Mwingine akakumbuka ndoo za kunawia zilizokaa kila mlango, na tulivyokuwa tunasalimiana kwa miguu kama kuku wanaoparua. Bibi Tupokigwe akasema, "Tuliogopa sana, lakini tulikuwa tunatembeleana hata kwa kupigiana kelele uani." Mimi nimesimama na manila yangu, lakini nikaanza kuisikia harufu ile ya mikaratusi, na sauti ya mama akikokota sufuria sakafuni asubuhi ya ukungu. Nilitamani hata siku moja tu irudi.

Kaka mtafiti akauliza kwa adabu, "Kwa hiyo misiba halisi ilikuwa mingapi?" Bibi akamjibu, "Hesabu palipotoka zote sita. Ilikuwepo, na ilizidi ya kawaida, tusidanganyane. Ila daftari halijui nani alikufa na nini. Hata sisi wengine hatukuambiwa." Lusajo akaangalia chini. Mama Tumpale akasema polepole kwamba yeye angependa kuambiwa kilichomuua mumewe.

Nikakunja manila, nikataka kukaa. Bibi Tupokigwe akanizuia.

"Maliza ukurasa."

"Bibi, imetosha."

"Mama yako hakuandika ili usome nusu. Maliza."

Nikatafuta mstari wa mwisho ili tuachane. Nikausoma kwa sauti kabla ya macho kuupitia, kosa lilelile la jana. Nimesoma hivi: "Hapa kwangu. Sufuria moja. Mwalimu amekataa, nimemfunika kwa nguvu, amelia."

Ndugu zangu, sitaki kueleza kicheko kilichofuata. Mwenyekiti aligonga meza mpaka kalamu zikadondoka. Dada mtafiti alijitahidi kubaki mtafiti, akashindwa. Akasema, "Kwa hesabu yako, Mwalimu, na wewe ni marehemu." Basi jina likazaliwa hapohapo.

Lakini mstari ulikuwa haujaisha. Chini yake mama aliandika kwa penseli, herufi ndogo: "Limau na majani kaleta Lusajo, kayapitisha dirishani. Kasema Mwalimu asiambiwe, wamegombana."

Huo nao niliusoma kwa sauti. Nilishaanza, nikashindwa kuacha. Kicheko kikakatika. Niliinua macho, Lusajo anachezea kofia yake. Mtu niliyemwita msambazaji alitoka barabarani na lori lake, akazunguka nyuma ya nyumba yetu na majani mkononi, na kwa miaka yote hii hakusema. Mama naye alikufa na siri hiyo. Aliitunza, lakini akaiandika.

Nikavua miwani maana haikuwa inaonyesha kitu tena. Nikasema mbele ya wote, "Lusajo, ndugu yangu, nisamehe. Nilikosea siku ile kwenye benchi."

"Umekosea na hesabu," akajibu.

"Na hesabu."

"Basi mimi nimeshinda?"

Bibi Tupokigwe akamkatisha, "Na wewe kaa chini. Hamna aliyeshinda hapa."

Akakaa. Ila alikuwa anacheka, kicheko chake kile cha zamani cha puani, ambacho nilikuwa nimesahau kwamba nakikosa.

Mchana nimekaa hapa chumbani kwa aibu, nikasikia honi mara mbili. Nikadhani ni masikio yangu. Nikachungulia, lori lile pale. Lusajo kashusha kioo, anaita kwa sauti mtaa mzima usikie, "Marehemu, toka! Nyanya sina leo, sijatoka Ilula. Nimekuja kuazima sufuria. Jumapili binti yangu anapata kipaimara."

Nikamuuliza anataka ngapi. Akasema zote, na turubai.

Tumezipakia wawili. Kisha nikafungua daftari la mama kwenye ukurasa mpya, nikaandika: "Kwa Lusajo. Zote sita, na turubai." Lusajo akachungulia begani kwangu, akanitaka niongeze maneno, asije mtu kumpigia mahesabu. Kwa hiyo yeyote atakayelisoma daftari hili baadaye, tafadhali asome mpaka mwisho wa mstari: ni kipaimara, hakuna aliyekufa, na Mwalimu yu hai ingawa anatamani asingekuwa.