Majani ya Mgomba Chini ya Jezi

Jumatatu, 10 Julai 1972

Baridi. Ukungu tangu asubuhi. Leo nimesema jambo ambalo huenda nitalijutia, lakini lilichekesha sana.

Bwana Roy, Mmarekani anayefundisha hesabu hapa Nyeri, alileta picha za futiboli ya kwao hotelini kwa Shariff. Wanaume wenye mabega kama makabati. Helmeti kichwani, sponji kifuani, sponji mapajani. Nikasimama. Nikawatangazia wateja wote kwamba sisi wa raga tunavaa jezi na kaptura basi, na mtu anayeingia uwanjani na godoro lake afadhali aende akalale. Shariff alicheka hadi akamwaga chai. Roy alitabasamu tu. Akasema helmeti ndiyo hatari yenyewe: ukiivaa unasahau kwamba una kichwa, unakwenda kugonga watu kama kondoo dume. Ilikuwa hoja nzuri mno.

Kisha akasema Jumamosi ataichezea timu ya walimu dhidi yetu. Hajawahi kucheza raga. Ni mtu mzito huyo.

Jumatano, 12 Julai

Mambo yameharibika. Waithira, msichana ninayetaka kumwoa, amempelekea baba yake maneno yangu ya godoro. Mzee Theuri, mnunuzi wa mayai pale sokoni, amependezwa. Siku zote amekuwa akimwambia Waithira kwamba karani wa ushirika kama mimi hana uti wa mgongo. Sasa anakuja Jumamosi kujionea. Akiridhika, naweza kuwatuma wazee wangu kwake kuposa. Asiporidhika, kuna mwalimu wa Endarasha anayengoja, naye ana ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi.

Nampenda Waithira. Jioni nilipita uwanjani kumwona Roy akifanya mazoezi. Alimkumba mwalimu wa jiografia, naye akatua nje ya mstari. Nilirudi nyumbani nikihesabu mbavu zangu.

Ijumaa, 14 Julai

Nimepata! Mama alikuwa akipanga mayai ya soko kikapuni. Safu ya mayai, safu ya majani makavu ya mgomba. Kutoka kwetu Wamagana hadi mjini, barabara ile yenye mashimo, na halivunjiki hata moja. Mbavu zangu ni ngumu kuliko yai.

Nikamwambia Mama nataka majani ya kuwashia moto. Nimeyashonea ndani ya fulana kuukuu, kifuani na mabegani. Kwenye kioo napendeza. Nikipumua nasikika kidogo, lakini uwanjani kuna kelele.

Najua nilichosema hotelini. Hili si godoro. Ni mimea.

Jumamosi, 15 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Roy alikuja na mkoba wa pedi zake za sponji. Nikafurahi, nikajua tutakuwa wawili. Akauweka kando ya mstari, akavua hata sweta, akaingia na jezi na kaptura. Akaniambia kwa heshima kabisa kwamba maneno yangu yalimwingia, na amekuja kucheza kama sisi. Kwa hiyo kati ya wanaume wote pale, aliyevaa godoro nilikuwa mimi.

Kwenye skramu ya kwanza, tulipoinama kusukumana mabega kwa mabega, nilitatarika kama kuni mbichi. Kapteni wetu, Kingori, akauliza ni nani aliyebeba gazeti. Kisha nikapata mpira. Roy akanikumbatia mapajani, bega chini, kichwa kando, safi kabisa. Fulana ikapasuka. Majani yakatoka shingoni, yakatoka mikononi.

Katika futiboli yao, mtu akianguka mchezo husimama, naye hupewa nafasi ya kujikusanya. Raga haisimami. Wote walikimbia na mpira wakaniacha nimekaa kwenye rundo la majani, mbele ya Mzee Theuri. Aliinama, akaokota jani moja, akalisugua kwa vidole kama afanyavyo sokoni.

“Gatimu,” akasema, “mayai iko wapi?”

Watu walicheka. Waithira hakucheka. Alitazama viatu vyake. Nimeaibika maishani, lakini si hivi. Natamani wangenicheka wote na yeye akiwemo.

Jumapili, 16 Julai

Sikwenda kanisani. Waithira alikuja baada ya ibada. Akasema si kosa mtu kuogopa kuumia, hata yeye mwenyewe angenishonea ile fulana vizuri zaidi. Kosa ni kumcheka Roy kisha kujificha. Amemsihi baba yake, nami nimepewa nafasi moja: nimwombe Roy radhi, halafu kesho niende kwa Mzee nikaseme ukweli kwamba niliogopa. Nililia mbele yake. Nikamwambia nimeelewa, nimebadilika kabisa.

Nikaenda kwa Roy. Nilimwomba radhi kwa moyo wote, na nilimaanisha. Aliguswa hata akauliza kama kuna jambo lolote anaweza kunisaidia.

Pedi zake za mabega, alizoniazima, zinaingia vizuri chini ya koti langu la Jumapili. Mzee akikiona kifua hiki, hatauliza habari za kuogopa. Nimepumua mbele ya kioo mara kadhaa. Sponji haitoi sauti.