Rubani wa Shamba la Mahindi

Pale sokoni Maji ya Chai, mama mmoja mwenye kilemba cha bluu alikuwa akimlalamikia muuza vitunguu: nyani wa hifadhini walimmalizia mahindi msimu uliopita, na msimu huu walinzi watatu wameshakimbia kazi. Muuza vitunguu alimpa pole. Nasri, aliyekuwa akipita zake, alisimama, akashusha sauti kama daktari.

"Shikamoo, mama. Hujafikiria helikopta?"

"Marahaba. Helikopta ya nini, baba?"

"Ya kufukuzia nyani."

Naomba tuelewane mapema. Nasri wa Kaloleni hakuwa mwizi. Mwizi hukimbia, na Nasri hakupenda kutokwa jasho. Yeye alikuwa na maneno, na wiki hiyo alikuwa pia na helikopta ya kuchezea, ukubwa wa jogoo, ya kuendesha kwa rimoti. Boksi lake lilisema ni ya wanaoanza. Aliipata kwa Shomari, muuza mitumba wa mtaani kwao, kwa kuweka rehani cherehani.

Cherehani chenyewe kilikuwa cha mkewe, Zamda, na Zamda alikuwa na vitambaa vya nusu ya mtaa vya nguo za Idd. Hakupiga kelele. Alifungasha, akaenda kwa mama yake, akaacha neno moja tu: "Kikirudi kabla ya Idd, na mimi narudi. Kisiporudi, tafuta wa kukuvumilia." Idd ilikuwa wiki tatu mbele, na Nasri, jamani, alimpenda yule mwanamke kwelikweli.

Mama wa kilemba aliitwa Pudensiana, Mchaga wa Rombo, mjane, mwenye shamba njia ya Momela. Aliigeuzageuza helikopta kama anayechagua papai.

"Inaruka?"

"Itaruka, mama. Ila chombo cha anga hakiwashwi tu kama jiko. Kinaandaliwa," alisema Nasri, akataja na bei.

"Basi kiandalie kwangu. Kikiruka kabla sijavuna, nakulipa hela hiyo uliyotaja. Kisiporuka, malipo yako ni chakula ulichokula."

Hela hiyo ingekomboa cherehani na chenji ikabaki. Nasri alicheka moyoni. Ataandaa polepole, atakula vizuri, siku ya mwisho atairusha kidogo, atachukua chake na kutokomea. Betri ilidumu dakika saba. Hilo hakuona sababu ya kumsumbua nalo mjane wa watu.

Kesho yake aliripoti amevaa ovaroli ya rangi ya machungwa na miwani ya fundi wa kuchomelea.

"Haya mapanga ya juu lazima yalingane uzito," alitangaza. "Tunapima kwa mayai ya kienyeji. Manne. Ya kuchemsha, yasitikisike."

Vipimo vilikwenda salama, na mayai hayakuonekana tena. Siku ya tatu gia zilidai asali, pamoja na chapati za kuipakia. Siku ya tano mkia ukawa na wasiwasi, ukahitaji ukimya kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana.

"Ukimya upo kule kwenye mpaka wa msitu," alisema Pudensiana, akampelekea mkeka huko huko.

Mama alitoa kila kitu bila kununa. Sharti lake lilikuwa moja: majaribio yafanyike shambani. "Kona ya juu asubuhi, ya mtoni mchana, ya msituni jioni. Usije ukaniandalia helikopta ya uani."

Tabu ni kwamba helikopta iligoma kuruka. Ikiwashwa, mapanga yalizunguka kwa hasira, vumbi likatimka, yenyewe ikazidi kujikandamiza chini kama kuku anayeatamia. Nasri akashinda kwenye mistari ya mahindi, rimoti juu, koo likimkauka.

"Paa! Nimesema paa, mshenzi wewe! Paa!"

Pudensiana alikuwa barazani akimenya ndizi. "Pole na kazi, baba! Jaribu na huko mgombani. Na ongeza sauti kidogo!"

Zikabaki siku mbili kabla ya Idd. Nasri alimpigia simu Zamda.

"Umekipata?"

"Karibu, mke wangu."

"Karibu haishoni nguo," akajibiwa, simu ikakatwa.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani: alisoma maelekezo. Picha ya kwanza kabisa ilionyesha mapanga, na yeye aliyafunga juu chini. Alikuwa ameiamuru ichimbe kaburi karibu wiki tatu nzima! Akayageuza, akafunga chini yake vijiti viwili vilivyopishana, vyenye vimpira kwenye ncha, vya kuizuia isipinduke mikononi mwa anayejifunza. Akasukuma rimoti taratibu. Helikopta ikainuka. Ikapita juu ya mabua, ikaning'inia hewani, na Nasri akalia machozi bila aibu.

"Mama! Mama, imeruka!"

Pudensiana alitoka ghalani akijipangusa unga wa pumba. Gunia la mwisho la mahindi lilikuwa limeingia asubuhi ile, na Nasri, macho kwenye rimoti, hakuwa na habari.

"Hongera, baba. Imependeza. Ila ya nini sasa?"

"Si nyani!"

"Nyani gani? Umemwona hata mmoja?"

Nasri akageuka kuutazama mpaka wa msitu. Kweli, hakuwa amemwona hata mmoja.

"Walinzi wangu walikuwa wanalala kimya," alisema mama kwa upole. "Wewe unang'aa kama moto, unatukana kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Aisee, nani angekusogelea?"

Nasri akakaa chini kwenye mabua. Maneno yalimwishia, akabakiwa na ukweli, naye akautoa wote: cherehani, Shomari, Zamda, Idd. Pudensiana alimsikiliza hadi mwisho.

"Jirani yangu Melkizedeki anapita mjini kesho. Nitampa hela akikomboe, amfikishie mkeo. Ila wewe ukae shambani kwa Melkizedeki mpaka avune. Nimeshakukodisha."

"Umenikodisha! Kwa kiasi gani?"

"Ndama."

"Ndama huyo ni wa nani?"

"Wangu, baba. Wewe ni rubani, mimi ni dalali."

Nasri alimfikiria Zamda amerudi, anashona, nyumba ina mke, ila haina mume. Akaokota rimoti.

"Na mahindi yake yamefikia wapi?"

"Anapanda Jumatatu."