Ombi la Kumfukuza Kazi Binti Yangu, Mtengeneza Makunyanzi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi,

YAH: MAKUNYANZI YA MAKUSUDI KATIKA MAABARA YAKO

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni dobi. Duka langu liko mkabala na kituo cha mafuta, na pasi yangu inajulikana mpaka mahakamani, maana mahakimu wote wanavaa kazi yangu. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, ameajiriwa katika maabara yako. Naandika kwa unyenyekevu mkubwa kukuomba umfukuze kazi. Sababu ni hizi:

1. Siku zote nilidhani anatengeneza dawa. Juzi, tukiwa mezani, nikamuuliza, akaniambia bila haya kwamba anatengeneza makunyanzi. Mheshimiwa, nusura nipaliwe! Akaeleza kwamba mnachukua kipande cha mpira, mnakivuta, mnakipaka utando mgumu, mwembamba mno, hata unywele ukilala kando yake utaonekana gogo, kisha mnakiachia. Mpira unataka kurudi ulikotoka, utando hautaki kusinyaa. Vinavutana weee, mwishowe utando unasalimu amri na kujikunja wenyewe, mistari mistari, iliyonyooka kama imepigwa rula. Na mnapiga makofi! Wateja wangu huniletea makunyanzi kwa magunia, na hakuna aliyewahi kunipa shahada.

2. Ugonjwa huu umeingia nyumbani. Mama mkwe wangu alipokuja kutusalimia, binti yangu alimshika bibi yake kidevu, akamgeuzia dirishani, akamsifu kwa mikunjo ya paji la uso. Ngozi ya juu, alisema, imeizidi ya chini kwa ukubwa, ndiyo maana inajikunja. Nilitegemea bibi akasirike, anisaidie. Badala yake ameacha kujipaka mafuta, na anawaambia majirani kwamba yeye ni sayansi.

3. Amenifukuzia mteja. Karani wa benki alileta shati lililokaa kwenye begi safari nzima. Binti yangu akaliinua kwenye taa, akamwambia ni dhambi kulinyoosha kabla ya kupima umbali kati ya mkunjo na mkunjo. Karani wa watu akaondoka nalo hivyo hivyo, kifua mbele, na hajarudi.

4. Hapa sasa ni hatari kwa nchi nzima. Anasema mikunjo midogo kiasi hicho ikiwekwa juu ya kitu, maji yanateleza na uchafu haushiki. Hebu tufikiri pamoja. Uchafu usiposhika, nguo hazifuliwi. Zisipofuliwa, hazipigwi pasi. Pasi zikizimwa, heshima itatoka wapi? Mtamtofautishaje waziri na mtu aliyeamka sasa hivi? Bwana harusi ataingia ukumbini, watu watampa pole wakidhani anaumwa. Hakimu atasoma hukumu, na mshtakiwa atakataa kufungwa na mtu mwenye kola ya namna ile. Magereza yatabaki matupu, Mheshimiwa, na wa kulaumiwa ni maabara yako.

5. Hili ni langu mwenyewe. Nilimsomesha kwa pasi hii, nikijua akimaliza atasimama upande wa pili wa meza yangu. Sasa nakunja mashuka peke yangu. Ncha moja nashika mimi, nyingine nimeifunga kwenye kiti. Ninamkosa mwanangu mchana kutwa. Mnaye ninyi, na mnamfundisha kukunja nilichonyoosha. Imeniuma sana.

Kwa hiyo mfukuze, lakini kwa upole, maana ni mwepesi wa kulia kama mama yake.

Naomba unifikishie salamu kwa makamu wako, mhasibu, walinzi wa getini, na yule mtafiti ambaye koti lake jeupe halijawahi kuonana na pasi. Aje tu, nitamhudumia.

Wako katika unyoofu,

Dobi wa mkabala na kituo cha mafuta

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, binti yangu alipita dukani akitoka kazini, akanipa kipande cha mpira huo, ukubwa wa kiganja. Kinameremeta rangi zote, na anaapa hakuna tone la rangi ndani yake, ni makunyanzi tu yanayochezea mwanga. Alipogeuka kuongea na mteja, nikakifunika kwa kitambaa, nikakipiga pasi. Rangi zikapotea. Nikacheka kwa sauti! Kilipopoa, zikarudi zote, mistari ile ile, mahali pale pale. Nikaongeza moto, nikaegemea kwa uzito wangu wote. Zikapotea, zikarudi. Mheshimiwa, tangu nianze kazi hii sijakutana na kunyanzi lililonishinda. Hili limenishinda jioni nzima, na limetengenezwa na mwanangu! Nimemwita kila anayepita barabarani aje aone. Barua imetoka vizuri mno, siwezi kuichana, kwa hiyo naituma hivi ilivyo, ila usimfukuze. Mpandishe cheo, na kama makaratasi yake yanahitaji sahihi ya mzazi, kesho asubuhi niko getini na kalamu yangu.