Mwizi Aliyeacha Soda

Kahawa haijafika mezani, Redio, mtangaza habari wa kijiji asiye na mshahara, keshaanza.

"Wazee, mmesikia? Wilaya inafunga kamera gatini! Imetangazwa asubuhi hii. Ukigusa mashua isiyo yako, sura yako inaonekana mpaka Bangkok!"

"Kamera?" Kamanda akacheka kwa dharau. Jina lake ni Thawat, lakini tangu apewe koti la mlinzi wa kujitolea wa kijiji anaitwa hivyo, na koti halivui hata jua likiwa la utosi. "Zitaibwa hizo kamera kabla ya injini. Hapa dawa ni doria."

"Doria ya nani? Yako?" akauliza Pa Niam, mama mwenye mgahawa, huku akimimina maziwa ya kopo. "Jana usiku si mlikuwa doria? Na injini ya Lung Prateep imeondoka. Mlikuwa mnailinda au mnaisindikiza?"

Meza nzima ikaangua kicheko, isipokuwa Lung Prateep. Mashua yake ndefu ya kupeleka watalii visiwani ilikuwa imefungwa kwenye nguzo mbele ya mgahawa palepale. Kule nyuma, tezini, ilipokuwa injini ya gari yenye mtaimbo mrefu wa pangaboi, palibaki boliti tupu na doa la oili. Songkran, mwaka mpya wa Kithai, inaingia keshokutwa, na watalii wa sikukuu hiyo ndio wanaomvusha mzee kipindi chote cha mvua. Bila injini amekwisha. Alikuwa na hasira mpaka kikombe anakishika tu, hanywi.

"Ni Waburma wa kiwanda cha samaki," Redio akatoa hukumu. "Mimi nilishasema."

"Wewe juzi ulisema ni wazungu wa mabegi mgongoni," akamkumbusha Chura, kijana mwenye sauti ya kukwaruza ambaye naye ana mashua yake pale gatini.

"Nao wamo!"

"Mzungu aibe injini aende nayo wapi? Apande nayo ndege kaipakata? Acheni masihara. Dawa ni mbwa. Kila mashua mbwa wake."

"Kama yule mbwa wako aliyeibwa yeye mwenyewe?" akauliza Kamanda.

"Yule hakuibwa! Alihama!"

"Alihamia sufuria ya nani?"

Chura akataka kusimama, Pa Niam akamkalisha kwa sahani ya roti.

Lung Prateep akaweka kikombe chini. "Mwizi ameacha kitu."

"Ameacha nini?" Redio akavuta kiti.

"Omoni, kule mbele anapokaa Mae Yanang, mama wa mashua, roho anayeilinda. Nimekuta shada jipya la maua. Ubani umewaka mpaka mwisho. Ameiba, halafu amempigia mama magoti amwombe radhi."

"Loo! Mwizi ana adabu kuliko mkwe wangu!" Redio akapiga paja.

"Na ameacha soda. Imefunguliwa, mrija ndani."

"Nyekundu," Kamanda akadakia, kama mpelelezi. "Kila mtu anampa mama nyekundu. Hapo hupati ushahidi, Lung."

"Ya kijani."

Meza nzima ikamgeukia. Jana asubuhi tu, kwenye viti hivihivi, Lung Prateep alisimulia ndoto yake: Mae Yanang amechoka na soda nyekundu, sasa anataka ya kijani. Walimcheka hadi Redio akapaliwa. Mzee mwenyewe alikuwa hajainunua bado, na nyumbani hakuthubutu hata kuitaja.

"Redio, ulimwambia mtu?" akauliza Pa Niam taratibu.

"Mimi? Ndoto ya soda? Mimi natangaza habari, mama, nina heshima zangu!"

Kilichomuuma Lung Prateep sasa si injini tena. Watu hawa ndio waliobeba jeneza la mama yake. Akawatazama mmoja mmoja, na ghafla akasikia uongo mtamu unampanda mdomoni.

"Alfajiri nimesinzia, nikamwota tena," akasema.

"Amesemaje?" Sauti ya Chura ilikuwa nyembamba.

"Amefurahi sana. Anasema soda ilikuwa ya baridi, hasa. Aliyemletea amempenda, kwa hiyo anahamia kwake. Kila akienda baharini, watakuwa wote. Ila kwanza atapita nyumba kwa nyumba, kwa kila anayekaa meza hii, aone nani ana kitu cha mashua ya mwenzake. Anaanza usiku wa leo."

Redio akafungua mdomo acheke, kicheko kikagoma kutoka. Kamanda akakumbuka ana kikao. Chura akaondoka na kuacha roti nusu, jambo ambalo Pa Niam hajawahi kuliona tangu afungue mgahawa.

Kesho yake Lung Prateep alifika gatini akakuta mashua imezama hadi karibu na ukingo kwa uzito. Injini ilikuwa mahali pake, imekazwa na kupakwa grisi. Pembeni yake kulikuwa na betri za watu, nanga, kamba, majaketi ya kuokolea yenye majina ya mashua nyingine, na pangaboi ambalo mwenyewe alishalisamehe. Juu ya yote ilikaa kurunzi kubwa ya kijiji, ile ambayo Kamanda aliapa kwamba ilidondoka baharini. Omoni soda za kijani zilijaa hadi hakuna pa kuweka ua.

Mezani wote walikuwa wanapiga miayo.

"Mmeona wenyewe," Kamanda akasema, akikung'uta koti. "Hiyo ndiyo faida ya doria."

Hakuna aliyemtazama Lung Prateep usoni. Yeye akanywa kahawa yake yote, bila haraka, kwa raha zake.

Pa Niam akatua birika. "Lung, ukilala leo, mwambie mama apite na hapa mgahawani. Nimepungukiwa vijiko."

Redio akawa wa kwanza kuinuka. Kuna habari anaifuata, alisema, na mfukoni mwake kukasikika vyuma vinagongana.