Fahali wa Siku Kama ya Leo

Jumatatu, 3 Juni

Leo tena binti yangu amesoma "Siku Kama ya Leo" redioni. Sauti kama asali! Mfalme fulani alivishwa taji, meli fulani ilizama, mtu fulani alipanda mlima wa theluji asigande. Nilikuwa kazini, pasi mkononi. Nikaongeza sauti mpaka dobi mwenzangu akalalamika. Alalamike tu. Yeye hana mtoto redioni. Mtaani naitwa Mama Mtangazaji. (Nilianza kujiita mwenyewe, wakazoea.)

Jioni Mama Pacha, fundi cherehani wa mlango wa pili, akanitibulia siku. Eti mwanangu anasoma habari za wafu wa mbali tu. Eti kwetu hakujawahi kutokea kitu, historia ilipita ikatukuta tumelala. Akacheka na uzi mdomoni. Laiti angeumeza!

Nimepata wazo. Kila Jumanne wasikilizaji hupiga simu na matukio yao.

Jumanne, 4 Juni

Nimepiga! Nilijifungia stoo ya mashuka kazini, leso puani, sauti ya mzee. Nikasema hewani kwamba siku kama ya leo, zamani, fahali alitoroka machinjioni akaingia shule ya msingi iliyo nyuma yake, darasa la pili. Mwanamke mmoja akamzuia kwa mwavuli mpaka watoto wote wakatoka. Mwanamke huyo nilikusudia awe marehemu mama yangu, lakini jina lingenifichua. Nikaliacha. Nitamtaja mambo yakipoa.

Binti yangu akasema, "Shikamoo babu, ahsante, hilo ni tukio kubwa!" Adabu hiyo, malezi yangu.

Furaha haikufika jioni. Binti kaja macho mekundu. Mkuu wake, wanayemwita Bwana Ushahidi, amewaka moto. Ni mwiko pale kukubali tukio bila shahidi, na mwanangu bado yuko kwenye majaribio. Kaambiwa hadi Ijumaa alete mtu anayeijua habari ya fahali, la sivyo abebe mkoba wake. "Mama, yule babu nitampata wapi?" Nikasema babu kama yule hapotei. Moyo wangu unakwenda kama cherehani.

Jumatano, 5 Juni

Kila mlango ukigongwa najua ni Bwana Ushahidi. Je, redio huhifadhi namba za simu? Nikazima simu, nikaizika kwenye debe la unga. Baba watoto kaiona. Nikamwambia ilikuwa inapata joto. Kaguna. Nikambembeleza ajifanye ndiye babu wa fahali, mara moja tu. Kasema kudanganya hapa nyumbani tu kunamshinda, sembuse redioni.

Halafu, kubwa zaidi! Kwenye bomba la maji nimemkuta Mama Pacha kazungukwa na watu. Anasema mwanamke wa mwavuli ni MAMA YAKE! Na mwavuli anao, wenye tundu la pembe. Kaufungua. Mweusi, mpini umefungwa waya wa buluu.

Mwavuli WANGU! Nilimwazima wakati wa mvua hajarudisha hadi leo. Na tundu lile nililitoboa mimi kwa pasi.

Nikajaza ndoo yangu. Nikisema ni wangu, wataniuliza mengine.

Alhamisi, 6 Juni

Bwana Ushahidi amekubali kumsikiliza Mama Pacha kesho, hewani. Mwanangu kafurahi. Mimi nimeishiwa nguvu. Mwanamke yule hajui kutunga! Asubuhi fahali alikuwa mmoja, mchana wakawa wawili, jioni mama yake kampanda mgongoni. Atanaswa, na mwanangu atatoka naye mlango mmoja.

Nikajisingizia gauni la kupunguza, nikaenda kumnyoosha. Nikamwambia, jirani, fahali awe mmoja. Asipandwe na mtu. Watoto watoke kwanza. Akanitazama juu ya miwani: "Wewe umejuaje? Ulikuwepo?" Nikasema nimesikia redioni kama watu wote.

Basi nikakaa kwenye kigoda chake, jasho likinitoka, namfundisha mwizi wa mwavuli wangu na wa mama yangu jinsi ya kusema vizuri.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Pacha kaeleza vizuri (mwalimu nani?). Kisha Bwana Ushahidi akauliza fahali alikuwa wa rangi gani. Rangi! Hatukuigusa rangi! Akajibu mweusi. Nikaunguza kola ya mteja.

Bwana Ushahidi akasema kwa sauti ndogo, hapana. Alikuwa mwekundu, na baka jeupe usoni. Yeye alikuwa darasa la pili. Alikuwa chini ya dawati, aliona kwato, aliona mwavuli. Miaka yote alidhani ni ndoto. Akalia hewani, mtu mzima!

Nywele zilinisimama. Fahali nimemzaa mimi, Jumanne hii, stoo ya mashuka! Amepataje baka?

Mwanangu kaajiriwa. Kaja, kanikumbatia mbele ya baba yake, kisha kaninong'oneza kwamba babu yule alivuta pua kama mimi, na nyuma yake pasi ilikuwa inafoka mvuke. Nikataka ardhi inimeze. Kaniapisha nisipige tena simu redioni kwa sauti ya mzee. Nimeapa kwa machozi ya kweli.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikuwa na amani hadi saa nne. Mama Pacha kapita amefungua mwavuli wangu, mvua hakuna, jua hakuna. Sasa anaitwa Binti Mwavuli. Kasimama kunisalimia, kaniuliza kwa huruma kama marehemu mama yangu naye aliwahi kufanya lolote.

Mwanangu nampenda, kiapo nitakiheshimu. Sauti ya mzee basi. Lakini Jumanne ijayo, siku kama hiyo, chui aliingia wodi ya wazazi, na mkunga aliyemtoa kwa ufagio ana jina, nami nitalitaja mara mbili. Muuguzi mstaafu atakayepiga simu anaongea polepole, kwa pua kidogo. Nimeshajaribu mbele ya kioo.

Simu nimeipangusa unga.